Nyimbo za Queen zilivyorudiwa na wengine: toleo lipi linafaa bendi yako, kwaya yako au shule yako

Ukitaka kuupiga wimbo wa Queen, bendi ya roki ya Uingereza, jukwaani, kikwazo cha kwanza si gitaa la Brian May wala koo la Freddie Mercury. Ni zile sauti za nyuma. Studioni Mercury, May na mpiga drams Roger Taylor walikuwa wanaimba watatu, wanarekodi, kisha wanaimba tena juu ya walichokwisha kurekodi, na tena, mpaka watu watatu wakasikika kama kwaya ya kanisa kuu. Unachokisikia kwenye santuri hakikuwahi kuimbwa chumbani kwa mkupuo mmoja. Ndiyo maana bendi nyingi zenye wapigaji hodari hujikwaa hapa: muziki uko sawa, ila wimbo unasikika mtupu.

Kila aliyezirudia nyimbo hizi alilazimika kujibu swali lilelile: nini kitakaa mahali pa zile sauti? Wapo walioleta kwaya ya kweli, wapo walioweka vyombo vya upepo, wapo waliokata nusu ya wimbo, na wapo walioacha kila kitu kilivyo. Tumeyapima matoleo hapa chini kwa kigezo hicho, pamoja na idadi ya watu unaowahitaji na mahali ambapo mambo huharibika.

Somebody to Love

Huu ndio wimbo unaostahili muda wako kuliko zote kama una kwaya. Queen waliutoa mwaka 1976, na Mercury aliutunga akiwa na uimbaji wa injili wa Aretha Franklin akilini. Uko kwenye kii ya A flati meja, katika mwendo wa 6/8 wa taratibu, na mwimbaji kiongozi huruka mara kwa mara kutoka sauti ya kifua kwenda falseto, ile sauti nyembamba ya juu.

Toleo la George Michael liliimbwa Wembley, London, tarehe 20 Aprili 1992, kwenye tamasha la kumkumbuka Mercury. Waliompigia ni Queen wenyewe, na nyuma yake ilisimama London Community Gospel Choir. Mwaka uliofuata likatoka kwenye santuri ya Five Live na kushika namba 1 Uingereza. Ubora wake hautokani tu na koo la George Michael. Queen walikuwa wameiga kwaya ya injili kwa watu watatu. Yeye akaurudisha wimbo kwa kwaya ya injili yenyewe. Sauti za nyuma zikapata pumzi ya watu halisi, na kiongozi akapata nafasi ya kusubiri, kuitikiwa na kuchelewa kidogo nyuma ya pigo bila kuuvunja wimbo.

Kwaya ya kanisa au ya chuo inaweza kulichukua toleo hili karibu lilivyo. Waimbaji 12 hadi 16 wanatosha, watatu au wanne kwa kila sauti, ukiongeza kinanda, besi, drams na gitaa moja. Kinachoharibika ni sehemu ya katikati, pale kila kitu kinaposhuka na mstari mmoja ukarudiwa tena na tena huku sauti zikiongezeka. Kwaya nyingi hufika kileleni mapema mno: mizunguko miwili tu, tayari watu wanapiga kelele, na hakuna tena pa kupandia. Pangeni kwa maandishi nani anaingia mzunguko upi. Anzeni na waimbaji wa besi peke yao kwa sauti ya chini kabisa, teno waingie mzunguko wa pili, alto wa tatu, soprano wasubiri mpaka wa nne. Drams zisiguswe hadi mwisho. Makofi yanatosha kushika mwendo. Na mpiga drams akumbushwe kuhesabu sita. Akizoea nne za muziki wa dansi ataugeuza wimbo kuwa maandamano.

Kuhusu kii: A flati inawasumbua wapiga gitaa. Funga kapo (kibano cha nyuzi) kwenye freti ya kwanza upige maumbo ya G, utapata A flati ileile. Kama kiongozi wako hana falseto ya uhakika, teremsha wimbo wote hadi F. Utapoteza mng'aro kidogo, lakini hutampoteza mwimbaji kwenye ubeti wa mwisho, mahali ambapo koo lililochoka hukatika mbele ya watu.

Toleo la waigizaji wa Glee, tamthilia ya televisheni ya Marekani, la mwaka 2009 linafaa zaidi shule. Uongozi wa wimbo umegawanywa kati ya sauti ya kiume na ya kike, kwa hiyo hakuna kijana anayebeba mawanda yote peke yake. Ubaya wake ni kwamba limesafishwa mno studioni, kila sauti imenyooshwa kama rula, na ukimpa mwanafunzi alisikilize kama mfano atadhani kuimba ni kutokosea. Chukueni mgawanyo wa sauti kutoka hapo, hisia mkazitafute kwa George Michael. Lile la Anne Hathaway katika filamu ya Ella Enchanted ya 2004 limekazwa mwendo likawa la kuchezeka; linafaa kama mnataka watu wainuke vitini, lakini ule mpando wa katikati uliotajwa hapo juu unapoteza uzito wake.

Bohemian Rhapsody

Kila bendi huulizwa wimbo huu, na kila bendi inapaswa kufikiri mara mbili. Dakika 5 na sekunde 55, bila kiitikio, sehemu sita zinazofuatana: utangulizi wa sauti tupu, ubeti wa kinanda unaoanza karibu na sekunde ya 49, solo ya gitaa kwenye 2:37, opera kwenye 3:03, roki kwenye 4:07, na mwisho wa taratibu kuanzia 4:55. Opera peke yake iliwachukua takriban wiki tatu mwaka 1975.

Jambo ambalo wapigaji wengi hawalijui ni kwamba Queen hawakuwahi kuiimba ile opera jukwaani. Walikuwa wanaondoka, taa zinachezeshwa, mkanda wa studio unapigwa, kisha wanarudi kwa kishindo kwenye sehemu ya roki. Kwa hiyo usione aibu kutumia mkanda au kuikata. Wenye wimbo walifanya hivyo.

Kwenye lile tamasha la Wembley la 1992 kazi iligawanywa: Elton John akaimba ubeti wa kinanda, mkanda ukachukua opera, Axl Rose akaingia kwenye roki. Kwa bendi ya watu watano huu ndio mgawo tunaoupendekeza kuliko wote. Mwenye sauti laini anachukua mwanzo, mwenye sauti ya kukwaruza anachukua roki, na yule wa kwanza anarudi kumaliza. Ukimpa mtu mmoja zote mbili, roki itamchakaza koo na mwisho ule wa taratibu utatoka umepasuka.

The Braids, wasichana wawili wa Oakland, Marekani, walifanya jambo la kijasiri zaidi mwaka 1996: waliitupa opera na roki, wakabaki na ubeti, wakauweka juu ya mdundo wa R&B. Wapenzi wa roki walinuna, lakini toleo lile linathibitisha kwamba wimbo wa Mercury ulio ndani ya ule mnara unasimama wenyewe. Kwa duo yenye kinanda kimoja, hotelini au kwenye hafla ya chakula cha jioni, hakuna chaguo linalolifikia. Kodi (noti zinazopigwa kwa pamoja) ni chache na hakuna anayehitaji kupanda juu kupita kiasi.

Panic! at the Disco (2016) ni kinyume chake kabisa. Wamefuata mpangilio wa Queen karibu noti kwa noti, na mwimbaji wao Brendon Urie anafika kila mahali Mercury alipofika. Tunaliheshimu kama ushahidi wa mazoezi, lakini kama kielelezo halikupi kitu ambacho santuri ya 1975 haikupi. Faida yake ni moja: limerekodiwa kwa mitambo ya kisasa, hivyo sauti za ndani husikika wazi kidogo zaidi pale unapojaribu kuzinukuu kwa sikio.

Kwa kikundi kinachoimba bila vyombo, nenda moja kwa moja kwa Pentatonix (2017). Watu watano, mmoja akiwa besi na mwingine akipiga midundo kwa mdomo. Sikiliza jinsi solo ya gitaa ilivyogawanywa kwa sauti, na jinsi besi anavyoshika kazi ya mkono wa kushoto wa kinanda. Msijaribu mkiwa wanne. Kila mmoja wao ana kazi muda wote, na ukimtoa mmoja, ama kodi inakosa mguu ama mdundo unakatika.

Yupo pia Jake Shimabukuro wa Hawaii, aliyeupiga wote kwa ukulele ya nyuzi nne bila kuimba neno. Mpiga gitaa wa solo atajifunza mengi hapo kuhusu kuchagua: nyuzi nne haziwezi kubeba kila noti, kwa hiyo anashika sauti ya juu na ya chini, na sikio la msikilizaji linajaza zilizobaki.

Wenye kwaya kamili wanaotaka kuimba opera kwa midomo yao wajiandae na mambo mawili. La kwanza ni kuhama kii. Ubeti uko B flati, solo inaishia E flati, na opera inaanza A. Kutoka E flati hadi A ni umbali ambao sikio haliuvuki lenyewe, na wanaosoma solfa watakuwa bado wanaisikia do ya zamani. Kinanda kinapogonga zile kodi fupifupi za A, mwimbaji wa kwanza asubiri, aimbe noti yake kimoyomoyo, ndipo afungue mdomo. Fanyeni mazoezi ya hatua hiyo peke yake, mpaka watu waipate bila kinanda kurudia. La pili ni ile noti ya juu kabisa mwishoni mwa opera, B flati iliyo juu ya mistari yote, ambayo Taylor aliipata kwa falseto. Mpe soprano. Mwanamume anayeilazimisha hukausha koo, na bado sehemu ya roki inamsubiri.

Crazy Little Thing Called Love

Kama bendi yako haina waitikiaji wa maana, anzia hapa. Mercury aliutunga hotelini Munich mwaka 1979, kwa dakika chache tu, akiwa na gitaa ambalo mwenyewe hakulimudu sana, na ndiyo sababu wimbo ni mwepesi mkononi. Ni roki ya miaka ya hamsini katika D meja. Sauti za nyuma ni chache, na gitaa la akustika ndilo linalobeba.

Dwight Yoakam (1999) aliuchukua akaupeleka kwenye kantri. Tofauti na asili ni ndogo lakini ya maana: mwendo unabembea zaidi, sauti inavunjika kidogo mwisho wa mstari kama waimbaji wa kantri wanavyofanya, na magitaa yanajibizana na mwimbaji badala ya waitikiaji. Wapigaji wanne wanatosha kabisa: gitaa mbili, besi, drams.

Michael Bublé (2003) aliuvalisha suti: bendi kubwa, tarumbeta na saksafoni, swingi. Hapa vyombo vya upepo ndivyo vilivyochukua kazi ya waitikiaji. Ukiwa na watatu tu, tarumbeta, saksafoni ya teno na tromboni, unaweza kulipata umbo lake. Ukiwa na saksafoni moja, achana nalo, kwa sababu majibu yale yameandikwa kwa kodi, na noti moja inasikika kama mtu anayeuliza swali asilojibiwa. Bendi za harusi zenye upepo zitalipenda, kwani wazee na vijana hucheza pamoja.

Kwa upande wa kodi, ubeti unazunguka D, G, C, G, kisha unarudi D. Mwisho wa mstari ni B flati, C, D. Hakuna tatizo. Tatizo liko kwenye daraja, kile kipande cha wimbo kinachoachana na ubeti: G, C, G, halafu B flati, E, A. Mpiga besi anayekwenda kwa mazoea atatoka B flati kwenda E flati, kwa sababu ndiko mkono unakotaka kwenda, na bendi nzima itaanguka mbele ya solo. E hiyo ni E kamili. Andikeni kwa herufi kubwa kwenye karatasi yake.

Solo ya asili ilipigwa kwa Fender Telecaster, si kwa lile gitaa maarufu la May la kutengeneza nyumbani. Kwa hiyo usiweke distoshen (mkwaruzo wa gitaa la umeme). Sauti safi, rivabu (mwangwi) kidogo, pikapu (kinasa sauti cha nyuzi) ya karibu na daraja la gitaa.

We Will Rock You

Wengi hudhani huu hauna cha kujifunza. Miguu miwili, kofi moja, kimya. Lakini ndio wimbo unaoharibika mara nyingi zaidi kwenye uwanja wa shule.

Asili ya 1977 haina drams wala besi. Gitaa linaingia mwishoni tu. Mwendo ni kama mapigo 81 kwa dakika, maana yake mzunguko mmoja wa miguu, kofi na kimya unachukua karibu sekunde moja na nusu. Watu wakiwa wengi hawakivumilii kile kimya, wanaanza miguu mapema, na baada ya dakika moja mwendo umekuwa wa mbio. Wekeni mtu mmoja mwenye ngoma kubwa mbele, asimame pale wote wanapomwona, na watu wafuate mkono wake badala ya kufuata masikio. Sababu ni ya kifizikia: sauti husafiri karibu mita 340 kwa sekunde, hivyo aliye mita 34 kutoka kwenye ngoma husikia pigo limechelewa sehemu ya kumi ya sekunde. Akifuata sikio, kofi lake litamfikia aliye mbele limechelewa maradufu. May, ambaye amesomea fizikia, aliupanga ucheleweshaji wa namna hiyo kwa makusudi studioni, kwa vipimo visivyogawanyika, ili watu wachache wasikike kama umati bila mwangwi. Uwanjani ucheleweshaji unakuja bila kualikwa, na haujapangwa.

Toleo la Five, kikundi cha vijana wa Uingereza, la mwaka 2000, ambalo May na Taylor walishiriki, limejaza kimya hicho kwa mdundo wa drams na kuongeza mistari ya kufoka. Lilishika namba 1 Uingereza. Kwa DJ au kikundi cha vijana wanaofoka ni rahisi zaidi kuliko asili, kwa kuwa mdundo unawashika wote. Kwa mkutano wa watu elfu mbili wasio na spika za kutosha, shikeni asili.

The Show Must Go On

Queen waliutoa kama singo mwezi Oktoba 1991, wiki sita hivi kabla ya Mercury kufariki, na kila anayeuimba anabeba habari hiyo atake asitake. Uko B maina, unapanda hadi C shapu maina, kisha unarudi. Mstari wa sauti ni mrefu na una nafasi chache za kuvuta pumzi.

Elton John aliuimba na Queen Paris mwezi Januari 1997, pamoja na kikundi cha dansi cha Béjart; hilo lilikuwa onyesho la mwisho la John Deacon, mpiga besi wa Queen, na bendi. Sauti ya Elton John ni nzito zaidi na haipandi kama ya Mercury, hivyo wimbo unakuwa wa ukakamavu kuliko wa kilio. Mwanamume mwenye sauti ya katikati na alisikilize hili kwanza. Céline Dion alitoa lake mwaka 2016, miezi michache baada ya kufiwa na mumewe, akiwa na violini ya Lindsey Stirling. Violini ndiyo iliyochukua solo ya gitaa, na hilo ni wazo zuri kwa kikundi kisicho na mpiga gitaa wa umeme lakini kina mpiga violini mwenye mkono imara.

Waimbaji wengi hutumia nguvu yote kwenye kiitikio cha kwanza, kisha mpando wa C shapu unawakuta watupu. Teremsheni wimbo toni moja nzima, uanze A maina na kupanda B maina, na kiitikio cha kwanza kiimbwe kwa robo tatu ya sauti.

Za roki nzito, na za sauti mbili

Stone Cold Crazy ni suala fupi. Queen (1974) wana wepesi na vituo vya ghafla. Metallica (1990) wana uzito, na toleo lao lilishinda Grammy mwaka 1991. Bunduki ya maji ya wimbo wa asili wameigeuza kuwa ya risasi, kwa hiyo kama wasikilizaji ni watoto tumieni maneno ya Queen hata mkipiga kwa sauti ya Metallica. Waitikiaji hawahitajiki. Mpiga drams anahitajika sana, maana vituo vile vikikosewa na mmoja vimekosewa na wote.

Under Pressure, ambao Queen waliutengeneza na David Bowie mwaka 1981 huko Montreux, unahitaji waimbaji wawili wenye tabia tofauti. Kwa mwanamume na mwanamke, tazameni Annie Lennox na Bowie pale Wembley 1992. Lennox alichukua nafasi ya Mercury bila kumuiga. The Used na My Chemical Romance waliurekodi mwaka 2005 kuchangia waathirika wa tsunami, magitaa yakiwa mazito na sauti za kupayuka. Unafaa vijana wa roki. Wenye gitaa la akustika na sauti laini wachukue la Shawn Mendes la 2018.

Yeyote mtakayemchagua, mstari wa besi ni D mara sita kisha A ya chini, halafu kimya. Kimya hicho kihesabiwe kikamilifu. Mpiga besi akiongeza noti moja ya kuunganisha mwishoni, atakuwa amepiga Ice Ice Baby ya 1990, na ukumbi mzima utaanza kufoka.